Ujira wa Binti Uliyempiga Picha

SWALI

Assalaamu alaykum, sheikh wetu. Nina studio ndogo Kariakoo, Dar es Salaam. Wenye maduka ya abaya, madera na magauni hunipa kazi ya picha za matangazo. Mabinti wanaozivaa nguo hizo wana miaka 19 hadi 22. Mimi hulipwa na mwenye duka. Wao huambiwa watapewa nguo moja, au kwamba picha zitawatangaza. Baadaye huzihariri picha, nawapunguza viuno na kuwang'arisha rangi, na mara mbili nimeziuza kwa duka jingine. Mwenzangu msikitini anasema pato langu lote ni haramu kwa kuwa kupiga picha ni haramu. Je, ni kweli?

JIBU

Wa alaykumus-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Mwenzako hakutunga. Hadithi zinazowaonya vikali watengeneza sura ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim. Lakini kamera ilikuja karne nyingi baadaye, na ilipokuja wanachuoni walitofautiana. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz aliizuia isipokuwa kwa dharura, mfano kitambulisho au pasi ya kusafiria. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, aliona kwamba kamera hushika tu kivuli cha kiumbe ambacho Allah ameshakiumba. Watu wa Qatar walimwita mpiga picha akkas, kwa asili ile ile ya Kiarabu iliyotupa sisi Waswahili neno kuakisi. Mimi naifuata kauli hii ya pili. Basi kamera yenyewe haikukuharamishia riziki.

Kuhusu mavazi na macho, Suratun-Nur aya ya 30 na 31, zinazoamrisha kuinamisha macho, wanaume kwanza, zinakuhusu wewe kabla ya yule binti. Nguo inaweza kupigwa picha ikiwa imetundikwa au imevalishwa sanamu la dukani, na wateja wakainunua. Akiwapo binti, asiwe peke yake nawe studio. Aje na mama au dada yake, na anayemtengeneza nguo mwilini awe mwanamke. Tena chunga neno "kidogo tu", binti anapoombwa apunguze stara yake. Halima Aden, binti wa Kisomali aliyezaliwa kambi ya Kakuma kule Kenya, alipoingia katika kazi ya uanamitindo Marekani mwaka 2017 hijabu yake iliandikwa ndani ya mkataba. Hata hivyo alifika mahali akavikwa suruali ya jinzi kichwani badala ya mtandio, na Novemba 2020 akaacha kazi ile akisema wazi kwamba ilimweka mbali na dini yake. Hakuanguka siku moja. Alisogezwa, na siku zote wapo watu wanaosogeza. Usiwe mmoja wao.

Sasa nije kwenye maneno uliyoyapita haraka: kwamba mabinti "huambiwa watapewa nguo moja". Hapo ndipo nilipotaabika na barua yako.

Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amesimulia kutoka kwa Mola wake, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari, kwamba watu watatu Allah atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hasimu wako ni Allah mwenyewe! Na mafakihi wameweka sharti kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane kabla ya mkono kunyanyuka. Ujira si lazima uwe fedha. Mkikubaliana mapema kwamba atachukua dera hili, la kitambaa hiki, kwa kazi ya saa nne, na akaridhika, hiyo ni halali. Lakini "nguo moja", ambayo mwenye duka ataichagua jioni kutoka kwenye zile zisizonunulika, ni ujira usiojulikana. Na "picha zitakutangaza" si ujira kabisa. Mbona mwenye nyumba ya studio yako hukumlipa kodi kwa kumtangaza?

Aliwahi kunijia mama mmoja baada ya swala ya Ijumaa, na bintiye. Binti alifanya kazi siku tatu kwenye jua, akibadilisha nguo mpaka akapoteza hesabu, akapewa dera lenye mshono uliofumuka. Nilipozungumza na mwenye duka aliniambia, "Sheikh, amesimama tu, hakubeba mzigo." Yeye aliuza mzigo mzima kwa sura ya yule mtoto. Sijalisahau jibu lile.

Wala usidhani kwa wakubwa wa kazi hii mambo ni nadhifu. New York ni jambo la kawaida wakala kukata asilimia 20 ya malipo ya mwanamitindo, kisha akamtoza nauli, kodi ya chumba na gharama za picha za majaribio, hadi binti anamaliza mwezi akiwa mdaiwa wa yule yule aliyemtafutia kazi. Dhulma ilizidi hata jimbo lile likaweka sheria, iliyotiwa saini Desemba 2024 na kuanza kutumika Juni 2025: wakala asivuke asilimia 20, asidai amana ya fedha kwa mwanamitindo, na sura yake isitengenezewe nakala kwa akili unde bila idhini yake ya maandishi. Sisi tulio na Suratul-Baqara aya ya 282 tuliamrishwa kuandika madeni yetu tangu zamani.

Katika kuhariri picha, Mtume alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta chini ni mbichi, akasema: "Mwenye kutughushi si katika sisi." Imepokewa na Muslim. Abaya iliyobanwa kwa vibanio mgongoni ili mbele ionekane imemkaa, kisha ukakipunguza kiuno kwenye kompyuta, ni nafaka mbichi iliyofunikwa kwa kavu. Mnunuzi ataletewa nguo ambayo hakuiona. Ufaransa tangu Oktoba 2017 picha ya biashara iliyobadilishwa umbo la mwanamitindo lazima iandikwe kwamba imehaririwa. Kurekebisha mwanga uliokosea hakuna ubaya. Ama kumng'arisha rangi, soma Suratur-Rum aya ya 22: kutofautiana kwa rangi zetu ni katika ishara za Allah. Mji umejaa mabinti wanaojichubua kwa mkorogo, nawe unawabandikia ukutani sababu.

Kuuza picha kwa duka la pili ni kuvunja makubaliano. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda wewe uliyepiga picha, lakini uso ni wake, na alikuruhusu kwa duka moja. Nchini mwetu ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya, mwaka 2023, mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Kwa hiyo pato lako lote si haramu. Ndani yake mna haki za watu, na hizo zitoke. Kadiria ujira anaolipwa mtu wa kazi kama ile hapo mjini, uwapelekee mabinti wote ambao hawakulipwa. Ukiweza mbane mwenye duka achangie, akikataa anza wewe. Waombe radhi kwa zile picha ulizouza mara ya pili, fedha uliyopata wape, na duka lile liziondoe. Namba zao unazo, kwa kuwa ulizitumia kuwaita kazini. Usiyempata baada ya kumtafuta kwa kweli, mtolee sadaka kwa niaba yake, na akitokea siku yoyote akidai, mlipe.

Wallaahu a'lam.