Jiji la Sparta halikuwapo

Swali: Mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga anauliza: "Tunapofundisha kuibuka kwa polis za Ugiriki ya kale, vitabu vingine huandika 'miji-dola', vingine 'dola-mji', na wanafunzi wangu wengi huandika 'majiji-dola'. Lipi ni sahihi, na wingi wake ni upi?"

Jibu: Nitaanza na hilo la wanafunzi, kwa kuwa limenikera kwa muda mrefu na mwalimu amenifungulia mlango bila kujua. Neno "jiji" ni ukubwa wa "mji", kama "jitu" lilivyo ukubwa wa "mtu", na etimolojia yake haina zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba leo neno hilo halitaji ukubwa pekee, linataja cheo. Mji hupandishwa hadhi ukawa manispaa, manispaa ikawa jiji, na anayepandisha ni serikali iliyo juu yake, kama ilivyokuwa kwa Dodoma mwaka 2018 na Nakuru mwaka 2021. Basi anayeniandikia kwamba Korintho au Argos ya karne ya 7 KK ilikuwa jiji anieleze kwanza ni nani aliyeipandisha hadhi. Serikali ya Ugiriki haikuwapo. Kila polis, yaani jumuiya iliyojitawala katika mji na mashamba yake, ilikuwa na sheria zake, jeshi lake, kalenda yake na sikukuu zake, na hata Wakorintho walipotuma watu wao kwenda kuanzisha Sirakusa kule Sisilia, mnamo mwaka 733 KK, walichoanzisha kilikuwa polis nyingine yenye kujitawala, wala hakikuwa tawi la Korintho.

Kinachonitoa jasho zaidi ni "jiji la Sparta", kauli ninayokutana nayo katika tafsiri, katika mitihani na katika vipindi vya redio, ikitamkwa kwa sauti nzito kana kwamba mtangazaji ameuona mnara wake. Sparta ilikuwa vijiji vinne vilivyokaribiana, yaani Pitana, Mesoa, Limnai na Kynosoura, na baadaye kikaongezwa cha tano, Amyklai, kilichokuwa mbali kidogo na vingine. Kwa karne nyingi haikuzungushiwa ukuta. Thucydides, mwanahistoria wa Athene aliyeandika mwishoni mwa karne ya 5 KK, aliliona jambo hili na akalieleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi: kwamba Sparta ingehamwa, yakabaki mahekalu na misingi ya majengo tu, watu wa baadaye wasingeamini kuwa ilipata kuwa na nguvu kama sifa zake zilivyodai, ingawa ilimiliki sehemu 2 kati ya 5 za Peloponnesos, rasi ya kusini mwa Ugiriki, na kuiongoza yote, lakini Athene ikipatwa na hayo hayo, magofu yake yangewafanya watu wadhani nguvu zake zilikuwa maradufu ya zile ilizokuwa nazo. Mtu aliyeishi wakati wa Sparta anatuonya tusiipime kwa majengo, na sisi, miaka zaidi ya 2,400 baadaye, tunaipa cheo cha jiji. Wenyewe wangecheka, kama Wasparta walikuwa na mazoea ya kucheka.

Polis ilikuwa watu kabla ya kuwa mahali. Maandishi rasmi ya Waathene kwa kawaida hayasemi "Athene imeamua", husema "Waathene", na mkulima wa Marathon, aliyeishi kiasi cha kilomita 40 kutoka Akropolis, kilima cha mahekalu katikati ya Athene, alikuwa Mwathene sawasawa na fundi viatu wa sokoni. (Nasema mkulima na fundi wanaume walio huru, kwa maana wanawake, wageni na watumwa hawakuwa na sauti katika baraza, na neno "wananchi" linalotumiwa ovyo katika mada hii litapata siku yake.) Huko Dreros, katika kisiwa cha Krete, kuna sheria iliyochongwa kwenye jiwe mnamo mwaka 650 KK inayomkataza aliyeshika uongozi wa juu kuushika tena kabla ya miaka 10 kupita, na inaanza kwa kusema kwamba polis ndiyo iliyoamua. Dreros ilikuwa mahali padogo. Polis nyingi kati ya zaidi ya 1,000 zinazojulikana zilikuwa na eneo lisilozidi kilomita za mraba 100 hivi, ukijumlisha mashamba na malisho.

Kuhusu "kuibuka", mwalimu hakuuliza, lakini nalo lina mushkeli wake. Kinachoibuka hutoka majini kwa ghafla, ilhali polis zilichukua muda: majumba ya wafalme wa zama za Mykenai, zilizotangulia polis, yaliporomoka mnamo mwaka 1200 KK, watu wakaishi katika vijiji vilivyotawanyika, na ni katika karne ya 8 KK, idadi yao ilipoongezeka na ardhi ikaanza kugombewa, ndipo vijiji vilipoungana kuzunguka hekalu moja, uwanja mmoja wa mikutano na sheria zilizowabana wakubwa. "Kuchipuka" lingefaa zaidi. Hata hivyo "kuibuka" limekwisha kuzoeleka, nami nimechoka kulifukuza.

Sasa jibu. Katika maneno ya kuunganisha, Kiswahili hutanguliza jina kuu na kufuatisha kinacholifafanua, kama katika "mbwa mwitu", ambaye ni mbwa. Tunachokizungumzia ni dola lenye ukubwa wa mji mmoja na mashamba yake, kwa hiyo "dola-mji" ndilo neno ninalolipendekeza, na wingi wake ni "madola-mji". "Miji-dola" limeenea mno, hata katika historia ya Kilwa na Pate, kiasi kwamba kulisahihisha ni ukaidi. Mwanafunzi akiliandika, mwalimu, mpe alama zake zote. Akiandika "majiji-dola", zipunguze bila huruma. Na uangalie upatanisho, kwa maana Kiswahili kina dola mbili: ile ya utawala, iliyotoka Kiarabu, husema "dola hili, madola haya", na ile ya Marekani husema "dola hii, dola hizi". Ndiyo maana madola-mji yalipigana, na anayeandika kuwa "dola-mji zilipigana" amezipeleka vitani noti za benki.