Je, nikubali kulala katika hoteli inayosemwa kuwa na mizuka?

SWALI: Mhariri, salamu. Mume wangu amenuia tuadhimishe mwaka wa 10 wa ndoa yetu kwa kulala usiku mmoja katika hoteli kongwe ya zaidi ya miaka 100, ambayo wageni wake husimulia habari za nyayo zinazosikika ukumbini na mwanamke anayesimama miguuni pa kitanda. Yeye anaona ni burudani. Mimi tangu usichana hukabwa na jinamizi, na tena moyo unanisuta kukifanyia mzaha kifo cha mtu. Je, nikatae?
Mke mwenye wasiwasi

JIBU: Dada yangu, hofu yako si ya kitoto, na sitakuambia uipuuze. Nitaanza na jinamizi, kwa kuwa ndilo lililo karibu zaidi na habari za huyo mwanamke. Katika usingizi wa ndoto ubongo huilegeza misuli ili mwili usitende yale yanayoonekana ndotoni. Ikitokea akili ikaamka kabla misuli haijarudiwa na nguvu, mtu hujikuta macho yako wazi, kifua kizito, asiweze hata kuita, huku mabaki ya ndoto yakijichora ndani ya chumba kama umbo la mtu aliyesimama. Hali hiyo huchochewa na kulala chali na pia na usingizi uliokatikakatika, nao usiku wa kwanza ugenini ni wa namna hiyo kwa watu wengi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba usiku huo upande wa kushoto wa ubongo haulali fofofo kama ule wa kulia, bali hubaki macho kwa kiasi fulani, ukisikiliza sauti zisizo za kawaida. Jengo kongwe lina sauti hizo tele, kwa maana mbao hunywea hewa inapopoa na mabomba hugonga yanapopata joto. Anayezisikia amekwisha kusimuliwa habari za nyayo, basi husikia nyayo.

Wapo pia waliotishwa na kitu wasichokisikia kabisa. Vic Tandy, mhandisi wa Uingereza, aliandika mwaka 1998 jinsi alivyoona umbo la kijivu pembeni mwa jicho lake alipokuwa akifanya kazi usiku katika maabara, kisha akagundua kwamba feni ilikuwa ikitikisa hewa kwa karibu mitetemo 19 kwa sekunde, chini kidogo ya kiwango ambacho sikio hukinasa. Si wataalamu wote waliokubali maelezo yake, lakini ninampenda kwa sababu alitafuta chanzo badala ya kukimbia.

Kuna chanzo kingine ambacho hakina mzaha hata kidogo. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyosikia hatua za miguu na kuona watu wasiokuwapo, hadi ilipobainika kwamba tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu na kwamba walikuwa wakivuta kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo, ukiumwa kichwa na kupata kizunguzungu katika chumba cha zamani, usikae kungojea mzuka. Toka nje mara moja. Moto nao usiusahau. Hoteli ya Winecoff ya Atlanta, iliyotangazwa kuwa haiwezi kuungua, ilishika moto tarehe 7 Desemba 1946 wakaangamia watu 119, kwa kuwa jengo zima la ghorofa 15 lilikuwa na ngazi moja tu. Mimi hayo hunitisha kuliko umbo lolote gizani.

Kuhusu dhamiri yako, ninakuunga mkono. Kate Morgan aliyekutwa amekufa kwa risasi mwaka 1892 katika Hotel del Coronado, California, alikuwa kijana wa miaka 24 aliyepanga chumba peke yake kwa jina lisilo lake, na leo watu hukilipia chumba chake wakitaka kushtuliwa. Katika hoteli ya Stanley, Colorado, mhudumu aliyejeruhiwa na mlipuko wa gesi mwaka 1911 alipona, lakini masimulizi humfanya mzuka anayepanga nguo za wageni. Someni kwanza historia ya jengo, mjue ni nani aliyeishi humo na lipi lililompata. Mkienda kwa nia ya kumkumbuka, sioni dhambi.

Basi kubali, ila chumba chenye sifa mbaya mwachieni mwingine. Chukueni kifaa kidogo cha kugundua kaboni monoksidi, na kabla ya kulala hesabuni milango kati ya chumba chenu na ngazi ya dharura, maana katika moshi mtaipapasa kwa mikono. Wewe lala ubavu, taa hafifu ikiwaka. Shemeji naye aahidi mapema kwamba hatabisha ukuta kukutisha, na kwamba ukimwamsha saa 8 usiku ukitaka kuondoka, atafunga mizigo bila kukuuliza sababu.