Re: Nina miaka 58, nimechelewa kuanza kuzamia likizoni?

Hujachelewa kuanza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Kinachoangaliwa ni moyo, mapafu na masikio kuliko umri. Fomu ya afya ya shule ya kuzamia ijaze bila kuficha, hata dawa za presha. Jibu moja la "ndiyo" laweza kudai saini ya daktari, kwa hiyo limalize hilo kabla hujasafiri. Nadharia na mazoezi ya bwawani yafanye nyumbani, likizoni ubakize mizamo minne ya baharini. Cheti cha kwanza kinakufikisha mita 18, na panatosha sana.

Wengi hukwamishwa na masikio, kwa sababu husubiri maumivu ndipo wasawazishe shinikizo masikioni. Bana pua, pulizia taratibu ukiwa bado juu ya maji, kisha ukishuka rudia kila mita moja au hata kabla haijatimia. Yakigoma, panda kidogo ujaribu tena. Kulazimisha huumiza ngoma ya sikio. Ukiwa na mafua, acha.

Kupanda usizidi mita 9 kwa dakika, usibane pumzi kamwe (hewa hutanuka mapafuni), na utulie dakika 3 kwenye mita 5.

Ndege? Baada ya siku kadhaa za kuzamia, subiri angalau saa 18.