Mtazame Anapofungwa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako ulinifikia na swali lako nimelikalia kabla ya kukujibu. Unasema yule kijana aliyekuja kujitambulisha Pasaka hurudi kutoka kazini, hula, kisha hushika padi ya gemu hadi saa tano usiku. Wenzako ofisini wanakucheka kwamba umechumbiwa na mtoto. Kaka yako naye anakutisha kutoka upande wa pili: gemu za bunduki humkausha mwanamume moyo. Ukaniuliza mimi, kwa kuwa karo yenu ilitoka kwenye duka langu la kuchezea PlayStation pale Kaptembwo, Nakuru, nimeona gemu zikimfanya mwanamume kuwa nini.

Nianze na hao washauri wako, maana hawasemi kitu kimoja. Hawa wanamwona goigoi aliyenona kwenye kochi la mamake. Huyu anamwona muuaji aliye mazoezini. Sijui mtu mmoja anawezaje kuwa goigoi na hatari kwa pamoja, lakini sura hizo mbili huandamana kila mahali gemu zinapotajwa, na hazikuzaliwa Nakuru. Pac-Man ya mwaka 1980 ilibuniwa na Mjapani, Toru Iwatani, akitaka wasichana nao waingie kwenye kumbi zilizojaa wavulana. Mwaka 1983 biashara ya gemu ikaporomoka Marekani. Nintendo ilipoingia huko mwaka 1985, iliiuza mashine yake kama kitu cha kuchezea watoto, na maduka ya vitu hivyo kule yalikuwa na rafu za wasichana na rafu za wavulana. Ilibidi gemu zipangwe upande mmoja. Kufikia 1989 kile kimashine cha mkononi kiliitwa Game Boy, yaani hata jina lilishaamua. Kisha yakaja mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999. Ilipojulikana kwamba vijana wawili walioua walipenda kucheza Doom, gemu ya kupiga risasi, mchezaji akavalishwa sura ya pili. Kwa hiyo sura ya mtoto tumeachiwa na wauzaji, na ya muuaji tumeachiwa na vyombo vya habari.

Walioketi kwenye mabenchi yangu walikuwa makondakta, mafundi wa jua kali, vijana wa chuo wakati wa likizo, na bawabu mmoja aliyepitia asubuhi akitoka zamu, akacheza kidogo ndipo akalale. Wenye sare za shule niliwafukuza. Hakuna aliyefanana na yule wa kochini, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kochi.

Gemu iliyonifunza zaidi ni Grand Theft Auto: San Andreas, ya mwaka 2004. Watu husema ni ya kuiba magari, na ni kweli, ndiyo maana nilikuondoa kwenye kiti kila ilipowashwa. Lakini inaanza na msiba. Carl Johnson, waliyemwita CJ, anarudi mtaani baada ya miaka mitano kwa sababu mama yake ameuawa, na kaka yake anamkaripia makaburini kwamba aliwatoroka. Kijana wa Vihiga au Siaya aliyehamia mbali na kwao analijua karipio hilo bila kuelezwa. Baada ya hapo gemu inampa mwili wa kutunza. Asipokula anakonda, misuli inapungua. Akizidisha baga anaota kitambi. Akienda jimu anajaa kifua. Na kuna takwimu zake zinazoonyeshwa kando: misuli, mafuta, pumzi, mvuto kwa wanawake, na heshima. Heshima, mwanangu, ina mstari wake unaojaa! Inajazwa kwa kazi za genge na kwa kuwaua wa genge jingine. Fundi aliyekosa kazi tangu asubuhi aliketi pale kwangu akaondoka heshima imejaa. Sikumcheka. Huko nje hakukuwa na aliyemjazia.

Halafu kuna Kratos, shujaa wa gemu ya God of War. Mwaka 2005 alikuwa hasira tupu: alidanganywa akamuua mkewe na bintiye, na kisa chote ni kulipiza. Mwaka 2018 wakamrudisha akiwa na ndevu na mtoto wa kiume, Atreus, wakipeleka majivu ya mama wa mtoto kwenye kilele cha mlima. Mara nyingi hata jina hamwiti, ni "mvulana" tu. Mapema kabisa mtoto amehuzunika, Kratos ananyoosha mkono amshike bega, mkono unakwama hewani, anaurudisha. Niliiona kwenye runinga ya kaka yako (ndiyo, huyo huyo anayekutisha) na nikamkumbuka babu yako, aliyeuza ng'ombe nisome na hakuwahi kunitamkia kwamba amefurahi nimefaulu. Watengenezaji wenyewe walikuwa wamekua. Cory Barlog, aliyeongoza kazi ya 2018, alikuwa ameshakuwa baba.

Hapo nina lalamiko. Angalia aliyezikwa. Mama wa CJ. Wake wote wawili wa Kratos. Mke wa Max Payne na mtoto wake mchanga, kwenye gemu ya 2001 yenye jina lake. Sarah, binti wa Joel, mwanzoni tu mwa The Last of Us ya 2013. Mwanamume wa gemu haruhusiwi kuonyesha moyo mpaka mwanamke wa nyumbani kwake afe. Watu wakizisifu gemu hizi kwamba zimewapa wanaume hisia, mimi huuliza kwa nini hisia hizo hazipatikani mke akiwa hai, amesimama mlangoni, anauliza kama kodi imelipwa. Mwanamume wa namna hiyo ndiye ningependa kumwona kwenye skrini, na ndiye unayemtafuta wewe.

Wajomba zako wa Bungoma walipita kisuni, yaani walitahiriwa, mwezi wa Agosti, katika mwaka wa namba shufwa kama ilivyo desturi ya Wabukusu, wamepakwa matope ya mtoni alfajiri, wamesimama mbele ya ukoo bila kupepesa jicho. Una maoni yako kuhusu jambo hilo, nami nina yangu. Lakini lina mwisho. Ikishafanyika, umekuwa mwanamume, na hakuna atakayerudi mwezi ujao kukupima tena. Gemu za mtandaoni kama Call of Duty: Mobile hazina wazee wa kusema imetosha. Unapanda daraja, msimu unakwisha, unashushwa, unaanza tena kujithibitisha kwa watu usiowajua. Ukimwona mtu macho mekundu saa nane usiku, usidhani ni damu inayomvuta. Mara nyingi ni daraja.

Sasa nije kwenye kile ambacho wenzako na kaka yako hawajakiangalia. Shujaa wa kwenye skrini ameumbwa ashinde. CJ akifa anaamka nje ya hospitali, amepungukiwa pesa kidogo na silaha, safari inaendelea. Anayeshika padi, yeye hushindwa kutwa. Kwenye gemu za soka za FIFA na PES sheria ya duka ilikuwa kwamba anayefungwa analipa mechi nzima na kurudi nyuma ya foleni, benchi zima likimzomea. (Stima ikipotea katikati, aliyeongoza alidai ushindi na aliyekuwa nyuma aligundua ghafla kwamba alikuwa karibu kusawazisha. Niliamua walipe nusu kwa nusu, wakanichukia wote.) Kwa hiyo niliwajua wanaume kwa kufungwa kwao. Yuko anayelaumu padi. Yuko anayeitupa chini, huyo nilimlipisha padi na kumpa likizo. Yuko anayemtukania mshindi mama yake. Yuko anayenyamaza akaenda kumaliza hasira kwa mdogo wake nyumbani, na huyo ndiye aliyenikosesha usingizi. Na yuko anayecheka, akalipa, akamwuliza mwenzake, "Ile kona umeipigaje?" Bawabu wangu alikuwa wa aina hiyo. Wote walicheza gemu zile zile.

Unamkumbuka msusi wa saluni iliyopakana nasi. Alikuwa akivuka wateja wakipungua, anachagua mpiganaji Eddy Gordo kwenye Tekken 3, gemu ya kupigana, na kuwapiga mateke wanaume waliokuwa wameketi tangu asubuhi. Wa kwanza alisema amemwachia. Wa pili akasema anabonyeza ovyo tu. Wa tatu akabadilisha kiti akaomba amfundishe. Siku hizo hakuna aliyewaza kwamba Mkenya mwanamke angelipwa kwa mchezo huo, lakini mwaka 2018 Sylvia Gathoni, anayeitwa Queen Arrow, alisajiliwa na UYU, timu ya Marekani, acheze Tekken.

Kwangu nilikuwepo mimi, nimekaa na kopo la sarafu, na tusi likitoka linanikuta. Kwenye hedifoni hakuna mama wa duka. Wanawake wengi hufunga maikrofoni au hujipa majina ya kiume ili wacheze kwa amani. Mwaka 2014 kule Marekani ilizuka kampeni iliyoitwa Gamergate, wanawake waliotengeneza gemu na waliozikosoa wakaandamwa kwa vitisho vya kuuawa na kubakwa. Anita Sarkeesian, aliyechambua jinsi wanawake wanavyochorwa kwenye gemu, alifuta hotuba yake katika chuo kikuu cha Utah State baada ya chuo kuandikiwa kwamba kungefanyika mauaji ya halaiki. Waliofanya hayo walijiona wanalinda nyumba yao. Ni ile rafu ya 1985: ukimwambia mtoto miaka mingi kwamba kitu ni chake peke yake, atamwona kila anayeingia kuwa mwizi. Simtetei yeyote kati yao. Nakueleza chuki hiyo ilipopata mahali pa kukaa.

Kwa hiyo usimwulize kijana wako anacheza saa ngapi. Keti naye. Omba padi ya pili na umsumbue, au mlete mdogo wako amfunge, anaweza. Tazama uso wake bao la tatu likiingia. Siku nyingine mwambie atoe hedifoni sauti isikike chumbani, usikilize anachosema mwanamke akiingia kwenye kikosi chao, na zaidi ya hapo, anachosema wenzake wakianza kumtukana yeye akiwa kimya. Ukimpigia simu katikati ya mechi kwamba umekwama Githurai na matatu zimegoma, ataiacha au atakwambia dakika mbili?

Na uliza habari ya pesa. Hapo siko mpole. Vijana wangu walikuwa wakiwekeana dau nisipoangalia, na siku hizi dau limeingia ndani ya gemu yenyewe: unanunua pakiti ya wachezaji bila kujua utampata nani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba hiyo ni kamari, na mwaka uliofuata EA, kampuni iliyotengeneza FIFA, ikaacha kuuza huko pointi za FIFA za kununulia pakiti hizo. Huku kwetu simu ni yake na M-Pesa ni yake. Mwanamume anayecheza bure kila usiku simwogopi kama anayelipia bahati nasibu mara moja kwa wiki.

Mjomba wako mkubwa anataka wageni waje Agosti, mambo ya mahari yaanze kuzungumzwa. Nimemwambia asubiri. Fanya hayo niliyokuandikia, kisha unipigie kabla sijampa tarehe.

Mama yako