Ng'ombe alitupa mimba, sasa mume ana homa inayorudi: bakteria anajificha wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Rungwe na tunafuga ng'ombe wawili wa maziwa. Mwezi wa nne mmoja alitupa mimba, kondo la nyuma likakwama, mume wangu akalitoa kwa mikono mitupu. Wiki tatu baadaye akaanza homa: asubuhi mzima, jioni inapanda, usiku anatota jasho, kiuno kinamuuma. Malaria hakuna. Zahanati walisema taifodi, akameza dawa siku kumi, akapata nafuu, ikarudi. Sasa ni mara ya tatu. Ni bakteria gani huyu anayekufa na kufufuka? Na watoto waendelee kunywa maziwa? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Mbeya, na ulivyoeleza, ningeanza kwa kupima brusela, ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Kondo la ng'ombe mwenye brusela limejaa bakteria hao kwa wingi wa kutisha, na wanaingia kupitia hata mchubuko mdogo wa ngozi.

Hafufuki, mama. Hakuwahi kuisha. Bakteria wengi wakiingia mwilini kinga huwatambua mara moja kwa mafuta yaliyo kwenye ganda lao, ikapiga kelele. Ganda la brusela limeumbwa tofauti, kinga inalihisi kwa shida sana. Kisha seli zinazomeza vijidudu humla, na wengi wa bakteria hufia humo. Wachache wanaobaki ndio wenye balaa. Ndani ya kifuko walichomezwa mna asidi ya kuwaua, lakini wao asidi hiyo huwaamsha: wanajenga mrija mdogo sana na kuupitishia protini zao ndani ya seli. Jeni za mrija huo, ziitwazo virB, zilielezwa mwaka 1999, na bakteria aliyeharibiwa jeni hizo hushindwa kuzaliana ndani ya seli. Protini hizo hugeuza njia ya kifuko kisipelekwe kwenye machinjio ya seli, kiende sehemu seli inapotengenezea protini zake. Hapo brusela anazaliana kwa utulivu. Utafiti uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba protini zake mbili zilizokwisha kujulikana kwa kuzima kengele ya kinga hupunguza pia kemikali ambayo seli huitegemea kupata nishati. Nimesoma mambo ya vijidudu miaka mingi, na huyu bado ananistaajabisha.

Ndiyo maana siku kumi hazitoshi. Dawa lazima imfuate ndani ya seli, na kwa muda mrefu: kwa kawaida doksisaiklini wiki 6, pamoja na rifampisini au sindano za aina ya streptomaisini. Mgonjwa akiacha wiki ya pili kwa kuwa homa imekata, ni rahisi ugonjwa kurudi.

Lakini asinunue dawa hizo dukani, nakusihi. Jasho la usiku na maumivu ya kiuno huletwa na kifua kikuu pia, na rifampisini ni dawa ya kifua kikuu. Akiitumia bila kupimwa makohozi, na kumbe ni TB, anaweza kujitengenezea TB sugu. Aende hospitali ya wilaya, aeleze habari ya ng'ombe kabla ya jambo lingine lolote, apimwe damu ya brusela na kifua kikuu. Wakiotesha damu maabara kutafuta bakteria, daktari aandike kwenye fomu kwamba anashuku brusela, kwa sababu bakteria huyu huambukiza wafanyakazi wa maabara kwa hewa. Kuhusu ile taifodi, kipimo cha damu kinachotumika kuitafuta, kiitwacho Widal, kikifanywa mara moja tu hupotosha mno. Mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kusoma chanya leo.

Maziwa: chemsheni mpaka yachemke kweli, ndipo wanywe. Mtindi uliogandishwa kwa maziwa mabichi usiuamini, uchachu hauhakikishi kuwa bakteria wamekufa. Najua kwetu mtindi ni heshima ya mgeni. Chemsha kwanza, poza, ndipo ugandishe. Watoto wakipata homa wapimwe nao. Mume wako usimtenge, kuambukizana mtu na mtu ni nadra sana. Wewe kama una ujauzito, nenda kapimwe wiki hii hii, maana brusela huweza kuharibu mimba na doksisaiklini haikufai.

Yule ng'ombe muiteni afisa mifugo ampime, na mwenzake pia. Akikutwa na brusela, usimuuzie jirani afuge: atabaki na bakteria hata akionekana mzima na mwenye maziwa mengi. Akizaa tena, vaeni glavu, na kondo lizikwe shimo refu mbwa wasilifukue.