Dawa ile ile, majibu tofauti: sababu ni MGMT

Pole sana dada kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini dawa ya temozolomaidi ilimsaidia mgonjwa mwingine wa glioblastoma (aina ya saratani ya ubongo), lakini kwa kaka yako uvimbe unaendelea kukua. Mara nyingi jibu liko kwenye protini iitwayo MGMT.

Dawa hii hubandika kipande kidogo cha kemikali, methili, kwenye herufi G za DNA ya seli ya saratani. Seli ikigawanyika na vipande hivyo, inaharibikiwa na kufa. MGMT kazi yake ni kuvibandua. Tena kila molekuli yake hubandua kimoja tu, kisha yenyewe imekwisha kazi, kwa hiyo kinachoamua ni seli inatengeneza MGMT kiasi gani. Kuna wagonjwa ambao jeni ya kutengeneza MGMT imezimwa ndani ya uvimbe, na hapo ndipo dawa inapata nafasi. Katika utafiti uliochapishwa 2005, kati ya wagonjwa wa namna hiyo, 46% ya waliopewa mionzi pamoja na dawa walikuwa hai baada ya miaka 2; kwa mionzi peke yake ni 22.7%. Ambao jeni yao haikuzimwa walipata faida ndogo sana.

Muulizeni daktari kama kipimo cha MGMT kilifanyika. Hupimwa kwenye kinyama cha uvimbe kilichotolewa wakati wa upasuaji, kwa hiyo huenda sampuli bado ipo maabara. Msisimamishe dawa wenyewe kabla ya kuongea naye.