Mradi umefunga msitu, mama zetu wachimbe wapi ming'oko?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kijana wa miaka 24, natokea kijiji kimoja mkoani Lindi. Mwaka jana ulikuja mradi wa kuhifadhi msitu wetu, mkutano ukaitishwa saa 3 asubuhi wengi tuko shamba, ikachaguliwa kamati, mipaka ikawekwa. Sasa mama na wenzake wakienda kuokota kuni au kuchimba ming'oko (vile viazi vya porini) doria inawakamata, faini juu, na kwingine kwenye kuni ni mwendo wa masaa mawili. Nikiuliza naambiwa napinga maendeleo. Sipingi mradi, msitu ulikuwa unaisha kweli kwa mkaa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuuliza mama atapikia nini siyo kupinga maendeleo na usikubali uambiwe hivyo. Inaonekana hao wa mradi walihesabu miti tu, hawakuuliza nani anaingia humo msituni na anafata nini. Mchoma mkaa, mganga, mvuna mbao na mama wa kuni wote wanautumia lakini si kwa namna moja, na sheria ikiwa moja tu ya "marufuku kuingia" anayeumia kwanza ni yule ambaye siku ya mkutano hakuwepo.

Huko Babati kuna msitu wa Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake, wananchi wakaona msitu sio wao tena basi wakawa wanaukata haraka haraka kabla haujafungwa. Baadae ukaachiwa vijiji vinavyouzunguka, kila kijiji na eneo lake, sheria ndogo zake na walinzi wake wenyewe, na msitu ukaanza kurudi. Watu walewale, miti ileile jamani.

Kama msitu wenu uko kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Misitu ya 2002 inataka mpango wa usimamizi uidhinishwe na mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, mama yako na wewe mkiwemo, sio kamati peke yake. Kwahiyo muombeni mwenyekiti mpango usomwe upya mkutanoni, tena jioni watu wametoka shamba, na pelekeni pendekezo lenye maneno kamili: siku fulani kwa wiki kuokota kuni kavu bila panga, ming'oko ichimbwe msimu wake na mashimo yafukiwe, faini zilizokusanywa zisomwe mbele ya watu. Vijana wa mkaa nao muwakalishe, maana mkiwafungia bila kazi nyingine watarudi usiku.

Kabla ya hapo tembeeni kwenye mpaka wote wa msitu pamoja na kina mama, wao ndo wawaonyeshe wanapochimba, na wawili watatu wakubali kusimama kuongea wenyewe, usiwasemee wewe.